Aliyeitengeneza Saa ya Maji

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana mmoja hapa Pemba ya Msumbiji anayetengeneza simu chini ya mwavuli. Akaifungua, akachovya mswaki kwenye kifuniko chenye petroli, akaanza kusugua. Harufu ikanipanda puani, na kabla sijajijua nilikuwa nimekunja ngumi juu ya meza yake. Kijana akaacha kusugua.

"Senhora, kuna nilipokosea?"

"Hujakosea kitu. Endelea."

Ningemweleza nini? Sisi tuliokimbia vita Palma tukatawanyika, wengi wetu tukisikia harufu ya petroli tunakumbuka nyumba zilizoungua. Mimi nakumbuka chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, na mama yangu ameinama juu ya sinia la vipande vya saa, akiviosha kwa petroli. Hasira inayonipanda ni ya zamani kuliko vita. Nimekaa nayo tangu nina meno ya utotoni, na sina nia ya kuiacha.

Babu alikuwa mtu wa Mikindani. Alivuka Ruvuma na marobota ya kanga, akauza, akarudi, akavuka tena, mpaka siku moja akachoka kurudi. Pamoja na kanga alileta saa, na saa zilipoharibika alizitengeneza mwenyewe. Watoto wake walikuwa wawili: Mjomba Sefu, na mama yangu, Sauda. Mjomba alipenda safari na maneno mengi. Mama alipenda kukaa ubavuni mwa babu, ameshika kibano. Babu akamfundisha yeye. Hakufanya siri wala hakutangaza. Alimfundisha kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa pale.

Babu alipofariki, nyumba ikabaki mikononi mwa mjomba. Baba yangu alikuwa amekwenda Awasse kuoa mke wa pili na hakuonekana tena, kwa hiyo mimi na mama tulikuwa chini ya mjomba, na kwetu mjomba akishasema, limesemwa.

Barazani, mjomba aliweka meza na kiti. Mtu akileta saa, alijibandika kioo cha kukuzia kwenye jicho, akaitazama, akatikisa kichwa kama anayeona mambo mazito, akasema, "Njoo kesho." Mtu akiondoka, saa ilipita pazia ikaingia chumba cha nyuma. Kesho yake ilitoka inatembea. Mimi niliamini kwamba saa zinaumwa. Mjomba alikuwa daktari, mama alikuwa nesi, na mama alikaa ndani kwa sababu mgonjwa hatakiwi kupigwa na upepo. Nilimwonea mjomba fahari. Mama nilimwonea huruma, kwa jinsi alivyopewa kazi ya kufuta na kufunga tu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na hakuna mtu mzima aliyejisumbua kunitoa ujinga huo.

Saa za watu zilitulisha. Kazi ya mama mwenyewe ilikuwa nyingine, na aliifanya mchana kweupe, karibu na dirisha, wakati wanawake wengine walipokuwa wanasukana uani. Alikuwa anabuni mashine ya saa ambayo haikuwapo. Babu alikuwa ameianza ikamshinda.

Aliyekaa Palma anajua kwamba maji yakitoka yanakwenda mbali. Mashua za mizigo kutoka Mtwara zinalala ubavu kwenye matope kama ng'ombe, na mzigo unangoja mpaka maji yarudi. Wazee wa pwani huyahesabu maji kwa mwezi, lakini wenye maduka walikuwa juu sokoni, na kila mara walituma watu chini kuuliza. Saa ya kawaida haiwezi kuwajibu, kwa sababu maji hayafuati jua. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Mama alitaka saa yenye mshale wa ziada, mwekundu, utakaochelewa kila siku kiasi kilekile yanachochelewa maji, bila mtu kuugusa. Mshale ukiwa juu, maji yamejaa. Ukiwa chini, yametoka.

Alichora nyuma ya kalenda za zamani, akitumia mdomo wa bakuli kupata duara. Alikata magurudumu ya majaribio kwenye makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni, akayabana kwenye ubao kwa sindano, akayazungusha kwa kidole huku midomo yake ikihesabu meno kimyakimya. Gurudumu hili likizunguka mara moja, lile linatakiwa lizunguke kiasi gani? Ukiongeza jino moja, mshale unakimbia. Ukipunguza, unabaki nyuma, na baada ya mwezi mmoja saa inasema maji yamejaa wakati wanawake wako kwenye mwamba wanaokota chaza. Niliposema naye alinyanyua mkono, maana yake ningoje, nami niliuchukia mkono ule.

Aliporidhika na karatasi, alianza shaba. Shaba yenyewe ilitoka kwenye majiko mabovu ya kupampu. Alikata matangi yake, akayapiga mpaka yakawa bapa, akachonga meno kwa tupa, jino baada ya jino. Jino moja likiharibika, gurudumu zima ni takataka. Nakumbuka siku gurudumu kubwa lilipopasuka likiwa karibu kwisha. Hakulia. Alitoka uani akashika shoka, akapasua kuni zote tulizokuwa nazo, na zilipokwisha akaanza kupasua gogo tulilokalia, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama tuna harusi.

Hasira yake ilikuwa hivyo, ilipitia mikononi. Yangu imekaa kifuani, haikupata shoka.

Siku saa ilipokubali, aliiegemeza ukutani akaitazama kutwa nzima. Mshale mwekundu ulipokaribia juu akaniambia, "Kimbia pwani, uangalie maji yamefika wapi." Nilikimbia. Maji yalikuwa yamefunika mizizi ya mikoko na yalikuwa yametulia, hayaji wala hayaendi. Nilirudi napiga kelele tangu njiani, "Yamejaa! Mama, yamejaa!" Nilimkuta amesimama mlangoni. Akacheka, akajiziba mdomo na kiganja, akaketi chini palepale kizingitini. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, na sikumwona hivyo tena.

Mjomba aliona kazi iliyokwisha na akajua la kufanya nayo. Alizungumza na Bwana Hamisi, mfanyabiashara mkubwa wa mizigo ya Mtwara, na saa ikapandishwa kwenye ukuta wa duka lake unaotazama soko. Palikuwa na sherehe. Wanaume walikaa mbele kwenye viti, wanawake wakasimama nyuma, karibu na wauza karanga. Mjomba, amevaa kanzu mpya, alisimama kueleza saa hii inasemaje, na jinsi alivyohangaika nayo. Sikushangaa kumsikia akisema ni yeye. Mjomba ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wanawake wa nyumba yake kwenye harusi na kwenye misiba. Nikaona na hapa anamsemea mama.

Chini ya uso wa saa palikuwa na kibao kidogo alichokichongesha mjomba huko Mtwara. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua herufi. Nikasoma kwa sauti: FUNDI S.

"Mama! Jina lako! S, Sauda!"

Wanawake waliokuwa karibu wakageuka kututazama, kisha wakageukia mbele. Mama akakivuta kichwa changu akakibana kwenye kanga yake, kwa nguvu. Nilidhani ni furaha. Kesho yake shuleni nilimwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba mama yangu ameandikwa sokoni.

Baada ya muda akaja mgeni nyumbani. Alikuwa injinia kutoka kusini, serikali ilimleta Palma kwa kazi zake, na kila mtu alimwita Senhor Engenheiro. Alikuwa amesimama mbele ya saa asubuhi nzima, akauliza fundi wake ni nani, akaelekezwa kwetu. Mama alichemsha chai akabaki nyuma ya pazia. Mimi nilibeba sinia. Mgeni alizungumza Kireno polepole, na mjomba alijua Kireno cha biashara. Alisema Maputo kuna karakana ya vyombo vya kupimia, na wanatafuta watu wenye kichwa cha kubuni, si wa kutengeneza tu. Fundi angepata nafasi ya kusoma, angefundishwa kuchora kwa vipimo, angepewa mashine ya kukata meno ya magurudumu. Niliuona mkono wa mama umelishika pazia. Kitambaa kilikuwa kimejikunja ndani ya ngumi yake.

Mgeni alipoondoka, mama akatoka.

"Kaka, mwambie ni mimi."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi. Yule mtu anatafuta anayechora. Wewe huchori."

Mjomba akacheka, si kwa ubaya. Hata sasa kicheko chake kile kinaniudhi kuliko kama angempiga. "Sauda, nikimwambia hivyo, mimi nitakuwa nani hapa mjini?"

"Utakuwa kaka yangu."

"Na wewe uende Maputo peke yako, mwanamke, ukakae karakana na wanaume? Nani atakuruhusu?"

"Wewe."

Mjomba alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akaingia chumba cha nyuma mwenyewe. Akainua godoro akaichukua michoro yote, ya saa ya maji na mingine ambayo mama alikuwa anaifikiria kwa miaka ijayo, akaikunja pamoja kama mkeka. Mama alisimama pembeni kumpisha mlangoni. Nilimwona akimpisha. Mjomba alipokwenda Maputo, tulikwenda kumuaga stendi, na mama ndiye aliyempikia chakula cha njiani.

Kuhusu ile herufi, aliyenifumbua macho alikuwa Mwajuma, binti yake mjomba. Tulikuwa tunacheza rede shuleni, tukagombana, akasema mbele ya wote, "S ni Sefu, mjinga we! Mama yako anaosha vipande vya saa." Wakacheka. Nikampiga, mwalimu akanichapa mimi, nikarudi nyumbani na viganja vimevimba.

"Mama, S ni nani?"

Alivitazama viganja vyangu. "Wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma Sauda."

"Basi usiache kusoma hivyo."

Wengine wangeona jibu hilo ni zuri. Mimi nililichukia. Nilitaka ainuke, aende kwa mwalimu, aende kwa Bwana Hamisi, apige kelele katikati ya soko. Alinipaka mafuta ya nazi viganjani na kurudi kwenye saa ya mtu mmoja wa forodhani.

Mjomba hakukaa Maputo. Alirudi akiwa mnene, akasema chakula cha kule hakina ladha na baridi inaingia mifupani. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mama peke yake aliuliza habari ya michoro.

"Imebaki kule," mjomba akasema. "Wameipenda."

"Wameipenda?"

"Sana."

Alilisema kama zawadi aliyomletea. Mama akarudi ndani akakaa kwenye kigoda chake mbele ya sinia tupu, na kwa siku nyingi sikumwona akichora hata mstari mmoja.

Kisha saa ikaanza kubaki nyuma. Chumvi ya hewani na vumbi la soko vilikuwa vimeingia ndani. Mshale mwekundu ukasema maji bado yapo wakati yameshaondoka, na mashua ya saruji ya Bwana Hamisi ikaketi kwenye matope, ikainama, maji yaliporudi yakaingia, saruji ikawa mawe. Bwana Hamisi akaja barazani akifoka. Mjomba alimwahidi kwamba angeishusha saa na kuitengeneza nyumbani.

"Ngoja," mjomba alimwambia mama kwa utani, kama kawaida yao, "nikuletee mgonjwa wako."

"Sitaitengeneza humu," mama akasema. "Nitaitengeneza palepale ilipo."

"Juu ya ngazi? Watu wakikutazama?"

"Wana macho, watazame."

Wakabishana siku kadhaa. Bwana Hamisi alipotishia kuing'oa na kuitupa, mjomba akakubali, lakini akamtaka aende baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamelala. Mama akaenda asubuhi, soko limejaa hata pa kukanyaga hapana. Alijifunga kanga mbili kiunoni, akabeba kikapu chenye vifaa na chupa ya petroli, akaomba ngazi. Wanawake wawili wauza muhogo waliacha biashara wakaishika. Akapanda, akajibandika jichoni kioo cha babu, akafungua saa.

Wauzaji na wanunuzi waliacha kupatana bei wakasogea kutazama. Alitoa magurudumu moja moja, akayaosha, akayapuliza, akanyoosha jino lililopinda kwa ncha ya tupa, akarudisha kila kitu mahali pake bila kutafuta. Mimi nilisimama chini nimeinua shingo mpaka inauma. Niliwaza: sasa wanaona. Sasa kila mtu anaona. Alipoufunga mlango wa saa, mshale mwekundu ulikuwa umesimama unapostahili, na mtu mmoja aliyetoka pwani akathibitisha kwamba ndivyo maji yalivyo.

Mama akashuka. Bwana Hamisi akamgeukia mjomba, aliyekuwa amefika anahema.

"Sefu, kumbe ni huyu?"

Mjomba akatabasamu, akatazama watu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, "Mwanafunzi wangu huyo. Nimemfundisha mwenyewe. Mimi siku hizi macho yananisumbua."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, kicheko cha kufurahi mambo yameisha salama, na mmoja akampongeza mjomba kwa kufundisha vizuri.

Mguu mmoja wa mama ulikuwa bado kwenye ngazi. Alimtazama kaka yake, wala si kwa muda mrefu. Akapanda tena. Akafungua saa, akaingiza kibano, akatoa kitu, akashuka. Kilikuwa gurudumu dogo la shaba, lile la kuchelewesha mshale. Akalifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo gumu.

"Basi mfundishe mwingine," akamwambia.

Akanishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu mshale mwekundu ulining'inia chini kama mkono uliovunjika, na nilitembea kwa madaha makubwa, nikidhani tumeshinda.

Kabla ya magharibi mjomba alikuwa ameshatutolea vitu vyetu uani. Tukaenda kijiji cha Mute kwa Bi Fatu, mdogo wake bibi, akatupa kibanda na kipande cha shamba. Watu ninaowasimulia habari hizi hupenda niwaambie kwamba mama alianza upya huko, akafungua meza yake barabarani, akajulikana. Hakuanza. Alilima muhogo. Tupa aliitumia kunolea jembe. Alizeeka shambani mpaka vita vilipotufukuza, na leo anaishi nami hapa Pemba, na mtu akimwuliza kazi yake anasema mkulima. Mjomba alipokufa walimtangaza kuwa fundi, na kule Maputo sijui ni nani anayetumia michoro ile, sijui ameandika herufi gani chini yake.

Lakini kinachonichoma zaidi kilitokea siku wazee walipokuja Mute. Hatukuwa tumekaa sana. Walikuja shehe wa mtaa wetu wa Palma, Bwana Hamisi, na mzee mwingine wa ukoo. Mama akawatandikia mkeka, mimi nikawapelekea chai. Walizungumza vizuri. Walizungumza juu ya damu moja, juu ya radhi ya marehemu babu, juu ya wafanyabiashara wanaopata tabu na maji. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnataka nini?"

"Umrudishie kaka yako kitu chake," Bwana Hamisi akasema.

"Chake?"

Wakaangalia vikombe vyao. Ndipo shehe, mtu mpole, aliyenifundisha juzuu ya kwanza, akasema kwa upole uleule, "Mwanangu Sauda, hilo tusibishane. Sote tunajua nani aliyeitengeneza saa. Tulijua tangu siku ilipopandishwa. Nani Palma asiyejua kwamba Sefu hawezi kushika tupa?"

Alidhani anampoza. Nilimtazama mama, na uso wake niliokuwa nimeuzoea ulikuwa umetoweka. Nafikiri mpaka saa ile aliamini kwamba kaka yake ameudanganya mji. Mtu mmoja unaweza kumkasirikia; mji mzima utaufanyaje?

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Siku yule mgeni alipouliza fundi ni nani, mlijua?"

"Tulijua, mwanangu. Lakini yalikuwa mambo ya nyumba yenu."

Mama hakupandisha sauti. Akanigeukia.

"Kusanya vikombe."

"Bado wanakunywa, mama."

"Kusanya."

Nilivitoa mikononi mwao kimoja kimoja. Cha shehe kilikuwa bado kimejaa, kikaniunguza vidole, na sikukiachia mpaka nilipofika shambani nikakimwaga.